Matanga ya deni hayakaliwi peke yake

"Kukopa harusi, kulipa matanga." Methali hii imeandikwa kwa rangi kwenye kuta za maduka mengi ya Afrika Mashariki, juu ya kaunta, mahali ambapo jicho la mteja haliwezi kuikwepa. Aliyeiweka hapo ni mwenye duka, na ana sababu zake: daftari lake limejaa majina ya watu waliochukua unga, sukari na sabuni wakicheka, kisha wakaanza kupitia uchochoro wa nyuma. Ndiyo maana tumezoea kuisikia methali hii kwa sauti ya mdai. Inamkemea mkopaji, inamwambia kwamba furaha yake ya leo ni kilio chake cha kesho, na kwamba kilio hicho amejitakia mwenyewe.

Hapa Toronto ninakoishi, ambako Waswahili tunakopa zaidi kuliko tulivyowahi kukopa nyumbani, nimefikia kuamini kwamba methali hii tumeisoma nusu. Tumeshika onyo lake tukaacha picha yake. Wahenga walichagua vitu viwili, harusi na matanga, na vyote viwili ni shughuli za watu. Hakuna anayefanya harusi peke yake, wala hakuna anayekaa matanga peke yake. Anayeitumia methali hii kumtenga mdeni anaipindua.

Tuanze na dunia iliyoizaa. Kiswahili kinatenganisha kuazima na kukopa. Ukiazima jembe utarudisha jembe lile lile. Ukikopa kilo ya mchele utaila ikaisha, na utakacholipa kitatoka katika jasho ambalo bado hujalitoa. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja baadaye kuwa askofu, aliyakusanya maneno ya Unguja katika kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Neno kukopa alilieleza kwa maana ya kuchukua kwa deni na pia kwa maana ya kulaghai. Watu wa wakati ule walikwisha kuona kwamba mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba.

Waliuona kwa sababu pwani nzima ya karne ya 19 ilikwenda kwa deni. Msafara wa kwenda Tabora, Ujiji na Manyema ulibeba vitambaa vya merikani, shanga na waya, na mali hiyo ilitolewa kwa mkopo na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, irudi kwa umbo la pembe za ndovu baada ya mwaka, miwili au zaidi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliyeandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alisafiri kwa mali ya mmoja wao, Taria Topan. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa takriban miaka 40, kuanzia miaka ya 1830 hadi 1876, na masultani wenyewe walikuwa wadeni wake. Deni lilishuka ngazi kwa ngazi, kutoka kasri hadi kwa mpagazi aliyepokea sehemu ya ujira wake kabla hajatia mzigo begani.

Na liliingia harusini kwelikweli. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu Pangani na miji jirani ya pwani, ameeleza jinsi heshima ya mtu wa mjini ilivyojengwa kwa karamu na ngoma, na jinsi watu walivyojitia katika madeni ili waonekane wakarimu mbele ya wenzao. Tukiisikiliza methali kutoka katika miji hiyo, neno harusi ndani yake linakuwa la kweli kabisa. Watu walikopa ili kuoza na kuolewa, wakalisha mtaa mzima, na mtaa ulipokwisha kula, mdai alibisha hodi. Baadaye ikaja zamu ya mashamba. Mikarafuu ya Unguja na Pemba iliwekwa rehani kwa wakopeshaji kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kiholela mikononi mwa wadai. Nyumba zilizowahi kuvuma kwa ngoma zikabaki na hati za rehani.

Kwa hiyo onyo la methali lina haki yake. Lakini tazama tena walichokichagua wahenga kuwa mfano wa kulipa. Wangeweza kusema kulipa ni kifungo, au kulipa ni ugonjwa. Wakasema matanga. Na matanga ni nini? Ni siku tatu, pengine saba, ambazo nyumba iliyofiwa haiachwi peke yake. Majirani wanatandika mikeka na kulala papo hapo. Wanawake wanapika kwa zamu. Watu wanatoa ubani, wengine wanaita rambirambi, na mtu anawekwa kuandika nani katoa nini, ili siku ya mwingine ikifika naye arudishiwe. Mfiwa haachiwi kuhangaika na moto wala maji. Kisha huja siku ya kuondoa matanga, ambapo jamii inatangaza kwamba sasa maisha yaendelee.

Hayo ndiyo yaliyomo katika nusu ya pili ya methali. Kulipa ni jambo zito kama msiba, na mambo mazito kama msiba tuna desturi nayo: tunakusanyika, tunachanga, na tunaweka siku ya kumaliza.

Sasa njoo Toronto uone jinsi mambo yalivyo.

Wengi wa Waswahili wapya wa mji huu wanashuka uwanja wa ndege wakiwa tayari wana deni. Mkimbizi wa Kikongo anayeletwa na Kanada kutoka Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma nchini Kenya au Nakivale nchini Uganda mara nyingi hukopeshwa na serikali nauli ya ndege na gharama za kupimwa afya. Mpango huo wa mikopo ulianza mwaka 1951, wakati wahamiaji walikuwa wakitoka Ulaya. Hadi Februari 2018 mikopo hiyo ilikuwa na riba. Tangu hapo riba imefutwa, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kufika. Hata hivyo, familia ya watu saba au wanane inaanza maisha ikidaiwa maelfu ya dola kabla baba hajapata kazi ya kiwandani na kabla mama hajajua basi la kwenda Scarborough ni lipi. Wakimbizi wanazilipa fedha hizo, na wanazilipa kwa uaminifu mkubwa. Kwa lugha ya methali yetu, mtu huyu hakula pilau ya harusi. Harusi yake ilikuwa kiti cha ndege kilichomtoa kambini.

Kisha anaambiwa jambo linalopingana na yote aliyofundishwa utotoni. Kule kwetu, asiyedaiwa ndiye anayeaminika. Huku, asiyewahi kukopa hajulikani. Kampuni mbili, Equifax na TransUnion, zinampa kila mtu alama kati ya 300 na 900 kwa kuangalia jinsi anavyokopa na kulipa, na mwenye nyumba anaweza kuziuliza alama hizo kabla hajakukabidhi ufunguo. Mgeni ana miaka 20 ya kulipa madeni ya dukani Bukavu au Tanga bila kukosa, na hata siku moja haimo katika hesabu hiyo. Basi anashauriwa achukue kadi ya mkopo, aitumie kidogo kidogo, ajijengee jina. Ushauri huo si mbaya ukifuatwa na mtu mwenye akiba. Lakini kadi hiyo hutoza karibu asilimia 20 kwa mwaka, na kipato cha mgeni hakina akiba.

Fanya hesabu. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 20 huzaa riba ya dola 50 kila mwezi. Ukilipa dola 60, umepunguza deni lenyewe kwa dola 10 tu. Ukiendelea hivyo, kila mwezi ukilipa riba yake na dola 10 tu za deni lenyewe, mtoto aliyezaliwa leo atakuwa na miaka 25 deni likiwa ndiyo kwanza linakwisha. Matanga ya miaka 25! Wahenga hawakuyajua matanga ya namna hiyo. Waliyajua matanga yenye siku ya kuondolewa.

Chini ya kadi kuna maduka ya mikopo ya kusubiri mshahara, yaliyozagaa zaidi katika vitongoji vya watu wa kipato kidogo. Ada yake tangu Januari 2025 haipaswi kuzidi dola 14 kwa kila dola 100, nayo inasikika ndogo mpaka ukumbuke kwamba ni ada ya wiki mbili hivi. Zidisha kwa wiki mbili-mbili 26 za mwaka utapata dola 364 kwa kila dola 100. Sheria ya jinai ya Kanada inahesabu riba inayozidi asilimia 35 kwa mwaka kuwa kosa. Kabla ya Januari 2025 kiwango kilikuwa asilimia 60. Lakini maduka haya yametengewa mlango wa pembeni katika sheria hiyo hiyo. Wanaopita mlango huo ni mfagizi wa usiku, dereva wa kusambaza chakula, mama wa kitongoji cha Rexdale ambaye mwanawe amevunjikiwa miwani katikati ya mwezi.

Watu watasema Wakanada wenyewe wanaishi kwa deni, na ni kweli. Kwa miaka mingi sasa kaya za nchi hii zimekuwa na deni la zaidi ya dola 1.70 kwa kila dola moja ya kipato cha mwaka kinachobaki baada ya kodi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya deni lao ni ya nyumba, na nyumba hubaki. Letu sisi ni la nauli, kodi ya pango, simu, na fedha tunazotuma.

Hapo kwenye fedha tunazotuma ndipo penye kidonda. Ndugu wa Mwanza au Goma anapopiga simu kwamba mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya ada, hapigi kwa mwenye kadi iliyojaa. Anapiga kwa mtu wa Kanada. Na mtu wa Kanada, kwa haya na kwa mapenzi, anatoa, hata kama anatoa kwa kukopa. Upande wa pili wa simu kunakuwa na harusi, upande huu kunakuwa na matanga, na wa nyumbani hawajui kama kuna msiba. Wangejua, wengi wao wangesema: ngoja, tutauza mbuzi, wewe maliza mambo yako. Tumewanyima nafasi hiyo ya kuwa ndugu.

Nimeona jinsi jamii yetu ya hapa inavyojua kusimama mtu anapofariki. Taarifa ikitoka asubuhi kwenye WhatsApp, jioni orodha ya michango imejaa, Mkenya, Mtanzania, Mkongo, Mrundi, Mwislamu, Mkristo, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani. Tunalipa jeneza, tunalipa ndege, mwili unafika Arusha au Kisumu kwa heshima. Jamii inayoweza kukusanya fedha za kusafirisha mwili kuvuka bahari kwa siku chache inaweza kumtoa mtu aliye hai kwenye deni la dola 2,000. Uwezo tunao. Tunachokosa ni ruhusa ya kusema.

Hofu yetu ya kusema haikuja bure. Tumeona watu wakianikwa. Kule nyumbani mikopo ya simu imeleta ukatili mpya: mtu akichelewa kulipa, mkopeshaji anawapigia au kuwatumia ujumbe wazazi wake, bosi wake, hata fundi wa gari, ili aibu imlipishe. Watanzania wameipa mikopo hiyo jina linalostahili, mikopo ya kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kenya nayo ilitunga kanuni za wakopeshaji hao mwaka 2022. Anayesema deni litolewe hadharani lazima ajibu: hadhara ipi? Hadhara ya kausha damu inamkusanyia mdeni watu wa kumcheka. Hadhara ya matanga inamkusanyia watu wenye vikapu vya mchele. Mimi naitetea hii ya pili, na naijua tofauti yake: katika matanga hakuna anayekuja kumwuliza mfiwa kwa nini umefiwa.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha za kikundi huvunja urafiki, na kwamba kila mmoja anamjua kijumbe fulani, yaani msimamizi wa mchezo, aliyetoroka na fedha za upatu. Yametokea. Lakini tuwe waadilifu katika mizani. Upatu mmoja ukivunjika habari zake husimuliwa miaka kumi. Upatu unaokwisha salama, hata ukiwa mia, hauna msimulizi. Profesa Caroline Shenaz Hossein wa Chuo Kikuu cha Toronto, kampasi ya Scarborough, ametumia miaka mingi kuchunguza vikundi vya aina hii miongoni mwa wanawake Weusi wa mji huu na kwingineko, na mwaka 2024 alitoa kitabu kizima juu yao. Kikundi cha namna hiyo Wasomali wanakiita hagbad au ayuuto, Waethiopia ekub, watu wa Trinidad susu. Sisi tunakiita upatu, mchezo, chama au likelemba, kutegemea tulikotoka. Alichokikuta Hossein ni wanawake wanaoendesha benki bila jengo, kwa nidhamu ambayo benki zenye majengo zingeitamani, huku wengi wao wakifanya kwa siri kwa kuogopa kudhaniwa wahalifu. Kikundi cha watu kumi wanaotoa dola 200 kila mwezi humpa kila mmoja, zamu yake ikifika, dola 2,000 zisizo na riba hata senti moja. Hilo ndilo deni la dola 2,000 nililolitaja.

Na tunao mfano mkubwa zaidi, nao ulitokea Dar es Salaam. Agosti 1946 Waismaili wa Afrika Mashariki walimpima kiongozi wao wa dini, Aga Khan wa Tatu, kwa almasi, kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wake. Fahari yenyewe ilikuwa harusi ya kutosha kwa jamii yoyote. Lakini kutoka sherehe hiyo ulizaliwa mfuko wa kuwakopesha wanajamii ili wapate nyumba na mitaji, Diamond Jubilee Investment Trust, ambao leo tunaujua kama benki ya DTB. Miaka ya 1970 wengi wa watu hao walihamia Kanada, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, na jengo lao la Ismaili Centre, lililofunguliwa Toronto mwaka 2014, linasimama Wynford Drive. Ukimkuta mzee wao kule, huenda akazungumza nawe Kiswahili cha Kariakoo. Walichokifanya mwaka 1946 kinatufundisha jambo moja: sherehe yenyewe iligeuzwa kuwa akiba, na kukopa kukawa kazi ya jamii yenye daftari na wasimamizi.

Kwa hiyo naomba mambo ya kutendeka.

La kwanza, tujue haki zetu, maana matanga bila ukweli ni kelele. Mkoa wetu huu wa Ontario hauruhusu mkusanya madeni kukupigia simu usiku: Jumatatu hadi Jumamosi mwisho wake ni saa tatu usiku na mwanzo ni saa moja asubuhi, na Jumapili ni kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Hana ruhusa ya kuwasumbua ndugu zako ili wakulipie. Ukichukua mkopo wa kusubiri mshahara una siku mbili za kazi za kuurudisha bila adhabu, na anayefikisha mkopo wa tatu kwa mkopeshaji yule yule ndani ya siku 63 ana haki ya kulipa kwa mafungu. Aliyezidiwa kabisa, mwenye deni lisilozidi dola 250,000 pasipo kuhesabu rehani ya nyumba anayoishi, anaweza kupitia kwa msimamizi wa ufilisi mwenye leseni kuwapa wadai pendekezo la kulipa sehemu kwa muda usiozidi miaka 5, na riba inasimama. Haya ni mambo ya sheria, yapo wazi, na hayapaswi kuwa siri ya wasomi.

La pili, vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, pamoja na misikiti na makanisa yetu, viwe na mfuko wa madeni kama vilivyo na mfuko wa misiba. Mfuko wenyewe uwe mdogo, usitoze riba, na usimamiwe na watu watatu wanaojua kufunga midomo. Mdeni akubali kuwaonyesha barua zake zote, wamsaidie kuzipanga, walipe kwanza lile linalozaa riba kubwa zaidi, naye arudishe kidogo kidogo kwenye mfuko. Na iwepo siku ya kumaliza, kwa sababu msiba usio na siku ya kuondolewa humla mtu.

La tatu linawahusu mnaosoma mkiwa nyumbani. Kabla hujamwomba ndugu yako wa Toronto, mwulize kwanza anadaiwa nini. Mwulize kwa upole, kama unavyomjulia hali mtu aliyefiwa, na umwachie nafasi ya kusema kweli bila kuonekana mchoyo. Huenda akakutumia hata hivyo. Lakini mtakuwa wawili mnaojua gharama yake, na hesabu inayojulikana na wawili hupangika.

Waliotunga methali hii walikuwa watu wa karamu na wa madeni, na waliijua vyema bei ya vyote viwili. Walituachia onyo, na pamoja nalo wakatuachia desturi ya kulibeba jambo zito kwa mikono mingi. Mkutano mkuu ujao wa chama chako, hapa Toronto au popote ulipo, simama uombe madeni yawekwe katika ajenda baada tu ya taarifa ya misiba. Ukikosa wa kukuunga mkono siku hiyo, simama tena mkutano utakaofuata.